Bangili ya Kabula Isikatwe

Nairobi, Jumatatu

Mayu,

Mwangaluka, mama yangu. Mguu umepoa? Ng'ombe wamepata majani, na pamba yetu hapo Lalago imeota baada ya mvua ya kwanza? Mimi mwili ni mzima; moyo ndio hauna afya. Mwalimu, wewe unayemsomea mama, nakuomba usome polepole, na mdogo wangu Shija asiwepo.

Unajua nilianza kwenye duka hili la sonara kwa kufagia. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama mikono ya mafundi miaka miwili, wa tatu nikakaa kwenye benchi. Huu ni wa sita, na mafundi wanne waliokuwa wakinicheka sasa huniuliza mimi vipimo. Mwaka huu tajiri mwenye duka alitaka mapambo ya kuwauzia mabibi wa Kizungu wanaokwenda dansi mahotelini, vitu vyenye sura ya kale. Nikachora kwa kichwa tu: duara la kombe la kwenye paji la mtemi, mistari ya nyoka ya kibuyu cha bibi yangu, na bangili ya uzi wa shaba uliozungushwa mara kumi na moja. Vipande saba vya fedha na dhahabu, vyote kwa mkono huu. Mzungu mmoja alipovaa mkufu mbele ya kioo, mafundi wote waliacha kazi wakamtazama. Niliona fahari, sikatai.

Kisha wakaweka kadi dirishani: Mapambo ya Malkia wa Misri, kutoka makaburi ya kale. Misri! Bibi yangu hakuwahi kuvuka hata mto Simiyu. Hasira ikanipanda, na hasira ndiyo iliyoniponza. Nikamwambia tajiri, "Hayo si ya Misri. Ni ya kwetu Lalago. Uzi wenyewe wa kale binti yangu anao mkononi mpaka leo."

Tajiri akaacha kupima. "Wa kale kweli?"

"Babu yake bibi yangu aliuleta kutoka pwani, enzi za kubeba mizigo."

"Binti ana miaka mingapi?"

"Tisa."

Mkewe akauliza kwa upole kabisa, "Masanja, akilala anaivua?"

"Haivuliwi, mama. Alizungushiwa akiwa mchanga. Mkono ukikua, uzi nao unajiachia."

"Basi inatolewaje?"

Nikacheka. Mayu, nilicheka! "Mpaka ikatwe."

Sikuwaambia hukatwa lini. Wewe unajua. Kabula alipolia siku kumi na mbili akikataa ziwa, ni wewe uliyempa jina la bibi na kumfunga uzi wake, akanyamaza. Na katika nyumba yetu uzi wa jina hukatwa siku moja tu, mwenyewe akiwa amelazwa kwenye ngozi na kaburi limeshachimbwa. Huo huo ulikatwa hivyo mkononi mwa bibi. Mimi ndiye niliyemshikilia mkono.

Walipozidi kuuliza, nikawatengenezea uzi mwingine wa shaba wa kufanana. Mke wa tajiri akaujaribu, akautupa mezani. "Huu mpya. Wateja wanataka uliokaa kwenye ngozi ya mtu."

Wiki iliyopita likaja sanduku la mahameli lenye vishimo vinane. Nikapanga vipande vyangu saba. Kishimo cha nane, cha katikati, ni kidogo. Nilitia vidole vitatu, kikajaa. Kipimo cha mkono wa mtoto. Nikauliza ni cha nini. Tajiri akasema, "Wewe piga msasa, Masanja."

Jumamosi mnunuzi wake wa vitu vya kale, bwana mrefu mwenye miwani, aliondoka na gari kuelekea Musoma. Leo asubuhi nafungua droo yangu: mkasi wa kukatia waya haupo. Niliunoa mwenyewe Ijumaa, kwa kuagizwa.

Nimepiga hesabu. Huyo husimama vijijini kununua vigoda na ngao. Bariadi hafiki kabla ya Alhamisi. Kwenu ni Ijumaa. Barua hii nampa mpishi wa meli, Msukuma mwenzetu anayerudi kazini: Jumanne Kisumu, Alhamisi asubuhi Mwanza, kisha lori la pamba la Maswa. Mtakuwa mbele yake kwa nusu siku, isizidi. Kuja mwenyewe siwezi. Kibali sina, na siku hizi askari wako kila kona. Asiye na karatasi hulala ndani.

Namwogopa Shija kuliko mgeni. Si mtu mbaya, lakini akionyeshwa baiskeli atasema, "Ni waya tu, kaka atatengeneza mwingine."

Ukipata barua hii, mchukue Kabula umpeleke Kimali kwa mjomba. Mfunge kitambaa mkononi kama mwenye jipu. Shija mwambie mtoto yuko Maswa. Na kama gari limeshafika, usibishane. Mpakate mtoto, mikono yake iwe ndani ya khanga yako, upige yowe la mwano kijiji chote kije. Mbele ya macho mengi hatathubutu kumkamata.

Nisalimie mjomba, mwambie asiwafunge mbwa wake. Nisalimie shangazi mfinyanzi, na jirani anayekuchotea maji. Salamu za Shija nazishikilia kwanza. Kabula msimtishe, mwambieni tu baba kasema asimpe mgeni mkono, hata wa kusalimia.

Ni mimi mwanao, niliyewaonyesha wageni njia ya kwetu,

Masanja