Mtandao Umehamia Chumbani kwa Mama

Segese, Jumapili

Kaka Boaz,

Shikamoo. Miguu ya Mama haimfikishi tena kule kichuguuni tunakopigia simu, nikafunga busta, kile kifaa cha kuvuta mtandao, ndani. Siku mbili taa yake iliwaka nyekundu. Antena ya nje na ya ndani zilikaribiana, zikawa zinasikilizana zenyewe. Ya nje nikaipandisha mlingotini. Kaka, taa ikawa kijani, vijiti vinne vya mtandao vikasimama kwenye simu kitandani kwa Mama! Niliogopa hata kukohoa.

Tukakupigia. Ile sauti ya kike ikasema hupatikani. Mama akaijibu, "Asante, mwanangu. Akirudi, mwambie nipo."

Miaka miwili hupatikani, nami nimemwambia kosa ni la mtandao. Sasa mtandao unalala naye chumba kimoja. Washa simu huko Nkome.

Mdogo wako aliyeishiwa uongo,
Nyamizi