Bakuli la Mama Neema

Temeke

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku hatujambo, na mama yako mdogo kajifungua salama. Kumbe wenzako huko London wanakucheka kwamba neno sukari tumewaiga Waingereza? Sie tulilipata kwa Waarabu, na hilo la kwao nalo asili yake ni hukohuko.

Nilipokuwa msichana, mama aliazima sukari kwa jirani yetu, Mama Neema, akatiliwa kwenye bakuli. Kesho yake nikarudisha bakuli likiwa na maandazi, maana kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Mama Neema akayatoa maandazi, akalitazama bakuli, akacheka. "Mbona hili la kwenu? Mlituletea futari, nikasahau kulirudisha."

Wakikucheka tena, waulize neno safari walilipata wapi. Halafu wapikie chai, na sukari uwatilie mwenyewe.

Bibi yako