Mashine ya Baba Imepona

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye kucha zake bado zina oili ya injini, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi hii usidhani ni machozi. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Yule mtoto mkubwa kikohozi kimemwacha? Huku hatujambo. Baba anakula, anatembea, anayasema magoti yake kila asubuhi kama watu waliomkosea. Cherehani zangu mbili zinafanya kazi, na wateja wangu bado wanaleta kitambaa leo na kutaka nguo jana.

Najua umeninunia, na sikulaumu. Uliposikia mashine ya Baba ya kukata nyasi imekufa, ulipaka rangi chumba cha nyuma, ukatafuta kitanda kifupi kwa ajili ya hayo magoti, halafu mimi nikakutumia ujumbe: mashine imepona, pole. Nilijiona mshindi. Leo nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nakujua. Ungelia, kisha ungempigia Baba kabla sijamaliza kusema. Tafadhali soma mpaka mwisho kwanza.

Unakumbuka maneno yake, wiki ile tuliyomzika Mama. Ulimwomba aje akae kwako, akasema mbele ya ndugu na majirani kwamba haondoki kwenye nyumba aliyoijenga na mkewe. Labda, akasema, siku mashine yake ya kukata nyasi itakapokufa kabisa, hapo atafunga mlango aje. Watu wote wakacheka, maana mashine ile imenizidi umri, na miaka yote imekuwa inakataa kuwaka lakini inakataa pia kufa. Wewe uliyasikia maneno yale ukajua umekataliwa. Mimi nikayachukua kama kiapo, nikaamua kumsaidia mzee kukitimiza.

Basi ikafa. Baba alivuta kamba mpaka akakaa kwenye ngazi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba imefika mwisho wake na nisihangaike. Nikadhani ananihurumia. Nikajifunga kibwebwe.

Nilianza na plagi, maana hata mshona nguo anajua plagi. Mpya haikusaidia kitu. Nikaisukuma mashine mpaka kwa fundi wa pikipiki, yule anayecheka kabla hajasikia shida yako. Akafungua kifuniko, akalitoa lile gurudumu zito lenye sumaku, akanionyesha platini, vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke kwenye plagi. Vilikuwa vimeliwa, vimejaa mashimo kama meno ya mpenda sukari. Koili nayo, ile inayoupa umeme nguvu ya kurusha cheche, ilikuwa na ufa. Akaniambia kiwanda chenyewe kilishafungwa zamani, na anayetafuta spea za mashine hii anafukuza upepo.

Hamkuniita Mbishi bure. Niliyapitia maduka yote ya spea. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba platini za pampu ya maji zitaingia bila shida. Hazikuingia. Nilipozirudisha akasema spea zake hazina kosa, mashine yangu ndiyo iliyokosea. Mwishowe, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nikamkuta pacha wa mashine yetu, rangi ileile chini ya kutu, na kuku ameatamia mayai ndani ya kikapu chake cha kukusanyia nyasi. Mwenye vyuma alikataa isogezwe mpaka vifaranga vitoke. Nikaifungua palepale ilipo, nimepiga magoti, kuku ananidonoa kiwiko. Platini zake zilikuwa mbovu kuliko zetu, lakini koili ilikuwa nzima.

Hapo fundi akaacha kucheka. Akasema platini tuachane nazo kabisa, tuweke kile kidude cha elektroniki kinachotumika kwenye misumeno ya injini. Hakina vya kugusana, kwa hiyo hakina cha kulika. Akakata waya wa platini, akakiunganisha kidude na koili, akavuta kamba: kimya. Alikuwa amegeuza nyaya. Alipozigeuza tena, nikaishika plagi karibu na chuma kwa koleo, na cheche ikaruka, ya buluu, ikalia ta! Nyaya nilizifunga mimi kwa uzi wa kushonea viatu, maana mafundo yake yalinitia aibu.

Siku hizo zote Baba alikuwa ananiuliza tu kama bado tunahangaika. Nilipomwambia nimepata koili, alisukuma sahani akasema ameshiba. Mimi nikaona mzee kaguswa moyo. Dada, mtu akitaka kuona kitu atakiona.

Jumapili nikairudisha uani, nikachanganya petroli na oili, nikamwita. Unajua ilivyokuwa zamani, kamba inavutwa mpaka Baba anaanza kuwataja marehemu. Safari hii alivuta mara moja, kwa mkono wake dhaifu, ikanguruma. Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Baba akakata mstari mmoja wa nyasi, akaizima, akakaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa kofia. Nikajua ni furaha. Nikakuandikia ule ujumbe wangu wa ushindi palepale, nikamsomea.

Akaiondoa kofia usoni. Kisha akasema ananishukuru kwa bidii yangu, lakini alikuwa anasubiri mashine ile ife.

Alisema nyumba imemshinda. Sio kufagia wala kupika. Kimya ndicho kinachomshinda. Ana redio moja jikoni na nyingine chumbani, zote anaziacha zikiongea, ili akitoka huku akiingia kule akute mtu anasema. Mimi nimekuwa nikija kila Jumapili, lakini nakuja kufua, kupiga deki na kuangalia mashine, na kabla giza halijaingia nimeshaondoka. Kwangu hawezi kuja, anajua chumba changu ni kimoja na robo tatu yake ni meza ya kukatia nguo. Anataka kuamka asikie watoto wanagombania ndoo ya kuogea. Ila alishatamka mbele ya watu kwamba haondoki, na mtu mzima hali matapishi yake. Akajiachia mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa mashine. Na mimi, akasema, nimeupigilia misumari.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia wewe, binti yake mkubwa, uliyemwomba. Akajibu kwamba ulimwomba mara moja tu. Mara moja, kama mtu anavyomkaribisha mpita njia chakula huku anaendelea kula.

Najua itakuuma, kwa sababu ulinyamaza kwa heshima. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Basi na anayetaka kuitwa hasemi niite. Na mimi nisijifiche nyuma yako. Nilijiambia naipigania nyumba yake, kumbe nilikuwa napigania Jumapili zangu. Akiondoka nitabaki peke yangu mji huu, na hilo naliogopa. Nikalitazama hilo kuliko nilivyomtazama yeye.

Nikamwambia nitakingʼoa kile kidude leo leo, mashine ife tena. Akanikasirikia kweli. Mashine nzima haiuawi, akasema, na fundi kahangaika.

Kwa hiyo njoo wewe. Usipige simu, njoo, na barua hii hukuiona. Mwombe. Atakataa. Mwombe tena, atakuambia nyasi zitamea mpaka dirishani. Mwambie Mbishi atazikata. Mara ya tatu mwambie ukweli, kwamba wewe na shemeji mnatoka alfajiri na watoto hawana mtu wa kuwatazama wakienda shule. Hapo atashusha pumzi na kusema haya, kama ni shida yako. Usicheke, nakuomba. Mshike mkono mwingie garini.

Jana nilimpelekea suruali niliyompunguzia kiuno. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, eti huko kwako, Dada, kuna nyasi. Nikamwambia hakuna hata ukoka mmoja, ni saruji tupu ukuta kwa ukuta.

Akaijaribu suruali, akafunga kifungo, akasema: afadhali.

Wasalimie wote nyumbani, na mtoto asiache dawa ya kikohozi. Nakungoja.

Mdogo wako,
Mbishi