Kizibo Changu na Ukuta wa Juu

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumapili mchana, 14 Aprili.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kutabiri mvua, maana nasikia huko uliko hakuna mvua, ni baridi tu. Nami sijambo. Kichwa kinazidi kung'aa, tumbo linatangulia kuingia mlangoni kabla yangu, lakini mke wangu anasema bado nafaa kwa matumizi ya nyumbani.

Najua nimekaa miezi miwili bila kukujibu. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa karatasi. Nilikuwa na aibu, na aibu haina mkono wa kuandika.

Kwanza la Mama, kwa kuwa umeliuliza mara tatu. Yuko salama, na yuko nyumbani kwake. Najua Kaka alikuandikia kwamba amehamishwa. Aliwahi mno kuandika. Ngoja nikueleze kuanzia juu, kama maji yanavyokuja.

Unakikumbuka kijito cha nyuma ya nyumba. Enzi zetu, mvua ya asubuhi ilitufikia jioni, imeshachoka, imechujwa na majani ya kilimani. Na kule juu korongoni kulikuwa na lile dimbwi letu. Ni wewe uliyenifundisha kuogelea pale, ukinishika kwa mshipi wa kaptula, kisha ukaniachia bila kuniambia. Nilikuwa naelea vizuri kabisa. Nilipogeuka na kuona uko mbali, ndipo nikazama. Mpaka leo nikihisi mtu yuko nyuma yangu, nageuka kuhakikisha hajaondoka.

Kilima kile sasa ni mabati na saruji tupu. Tone likianguka halina pa kunywewa, linateleza moja kwa moja hadi kwa Mama. Mwaka jana maji yaliingia ndani mara mbili. Kaka akaja na ubaba wake, akasema Mama ahamie kwake, ghorofa ya nne. Mama akamuuliza kama huko kuna kamba ya kumvutia juu. Walivutana hivyo hadi wakafikia maagano: msimu huu maji yakivuka kizingiti tena, Mama atahama bila neno.

Unamjua Mama. Miaka thelathini na nne mbele ya ubao, hakuwahi kuahidi zawadi wala adhabu asiitimize. Kwa hiyo nyumba yote ile, na kuta tulizozichora kwa mkaa, ilikuwa inategemea kizingiti kimoja cha mbao. Na kizingiti chenyewe nilikipigilia mimi.

Ndipo zikajengwa kuta tatu korongoni, moja juu ya nyingine kama ngazi, ule wa juu ukiwa mkubwa kuliko zote. Kila kaya ilitoa mikono. Mimi nilitoa na mbao za kumwagia zege. Aliyetuongoza ni mhandisi wa maji, binti mwembamba mwenye buti zilizomzidi. Siku ya kumaliza tulisimama kuitazama kazi yetu, na chini kabisa ya kila ukuta tukaona bomba, upana wa sahani, liko wazi.

“Mhandisi,” nikamwambia, “umesahau kuziba.”

“Sijasahau.”

“Bwawa gani lenye tundu? Si ni kuchota maji kwa pakacha huko?”

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe na mwavuli wake. Ndiye aliyemwokoa yule binti. “Mwanangu, kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, kwa nini nilitoa darasa moja moja?”

“Tusikanyagane mlangoni.”

“Basi maji nayo ni wanafunzi. Ukuta hauwafungi, unawapanga foleni. Na darasa lisipoachwa tupu leo, wa kesho watakaa wapi?”

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani nimeelewa.

Mvua ya kwanza ikaja, kuta zikafanya kazi yake. Maji yalijaa nyuma yake, yakatoka kidogo kidogo, na kizingiti cha Mama hakikulowa. Alasiri nikapanda kwenda kuona. Dada, nyuma ya ukuta wa juu nililikuta dimbwi letu. Palepale, kwenye kona ileile, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia tuli. Nilirusha kokoto likaruka mara mbili. Wewe ulikuwa unafikisha sita, najua, usinikumbushe. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Kesho yake nikarudi na mkate wangu nikale pale, nikakuta hakuna kitu. Tope na kandambili moja ya mguu wa kushoto.

Sasa nitakuambia nilichofanya, na tafadhali usimsomee shemeji. Nilirudi karakana nikachonga kizibo. Nilichagua mti mgumu, nikakipiga msasa, nikakivalisha mpira wa tairi. Unajua hapa mtaani wananiita Nusu Inchi, kwa kuwa kila mlango wangu hukataa kufunga kwa kiasi hicho. Kizibo kile kiliingia kwenye bomba la ukuta wa juu bila kuacha nafasi ya uzi. Ni kazi pekee maishani mwangu iliyotosha mara ya kwanza.

Mvua ndogo iliyofuata ikalijaza dimbwi, nalo likabaki limejaa. Siku tano mfululizo, nikitoka kazini, nilikwenda pale nikavua viatu na kutia miguu majini. Nilikuwa na miaka tisa, Dada. Nilimsikia hadi Baba akituita tukale. Siku ya sita ikaja mvua kubwa.

Darasa lilikuwa limejaa. Maji mapya yalipita juu ya ukuta kana kwamba haupo, yakazielemea kuta mbili za chini, na saa nane mchana yakavuka kizingiti. Nilimtoa Mama nimembeba mgongoni, maji yakiwa magotini. Sanduku la barua zako, za miaka ishirini na moja, lilielea hadi jikoni.

Barua alizianika zote kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, moja moja. Majirani waliokuja kutoa pole walisimama wakisoma. Kwa hiyo ujue mtaa mzima una habari kwamba ulifeli mtihani wa udereva mara nne. Wanakusalimu.

Nami nilinyamaza. Siku mbili nilizoa tope kwa Mama nikiwa kimya, nikipongezwa kwa bidii yangu. Siku ya tatu Kaka akaja na lori, uso umejaa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. Mama hakubisha. Alifunga vikombe vyake kwa magazeti, akaniomba nimshushie pazia. Tulikuwa tumeshapakia kabati mhandisi alipotokea, ametapakaa tope hadi kiunoni, na mkononi ameshika kitu ninachokifahamu.

“Nilikwenda kuangalia kwa nini ukuta wa juu ulishindwa,” akasema. “Nilidhani ni matawi. Nimekuta hiki.”

Kaka akakipokea, akakigeuzageuza. “Hiki hakikuletwa na maji. Tazama kilivyopigwa msasa. Hii ni kazi ya fundi.”

“Basi si Nusu Inchi,” akasema dereva wa lori. “Kimenyooka mno.”

Wakacheka wote. Ningeweza kupona pale, Dada. Kwa mara ya kwanza lile jina lilikuwa linanitetea. Lakini Mama alikuwa ameshaketi mbele ya lori, mkoba magotini, anaitazama nyumba bila chozi, kama mwalimu anayetazama darasa siku ya mwisho ya muhula.

“Ni changu,” nikasema.

Kicheko kikakatika. Kaka akanigeukia. “Ulikuwa unataka nini?”

“Dimbwi.”

“Una miaka arobaini na minane.”

“Najua.”

Mama akashuka taratibu, akaja hadi niliposimama. Nilisubiri kofi, na ningelipokea kwa mikono miwili. Lakini alimgeukia Kaka. “Tulipatana kuhusu mvua. Kuhusu mdogo wako hatukupatana kitu. Shusheni kabati.”

“Mama, maji ni maji.”

“Mvua kubwa moja tena, matundu yakiwa wazi. Yakiingia, nitapanda hilo lori bila hata pazia.”

Mvua hiyo imekuja Jumanne iliyopita, kubwa kuliko ile iliyotuzamisha. Kaka alikuwa amefika tangu asubuhi, kwa makusudi. Tulikaa watatu sebuleni, mlango wazi, tukikitazama kijito kikipanda. Kilifika ukingoni, kikalamba ngazi ya chini, kikasimama. Kwa muda wa saa nne nzima kilibaki hivyo, kimejaa pomoni, kinatembea tu kama watoto walioambiwa wasikimbie. Kisha ngazi ikaanza kuonekana tena. Kaka akavua viatu, akajinyoosha kwenye kiti cha marehemu Baba, akauliza kama siku hizi nyumba hii haipiki chai.

Nilipanda tena asubuhi yake. Korongo lilikuwa tupu, majani yamelala upande mmoja. Nilisimama mahali ambapo jana yake maji yangenipita kichwa, nikalitazama lile tundu, na sikulichukia. Mhandisi ameandika orodha ya watu wa kuyasafisha matundu kabla ya mvua, na Kaka ameomba zamu. Jina langu halimo. Nimepewa kutengeneza kichanja cha kuzuia matawi mbele ya matundu, chini ya uangalizi.

Msalimie sana shemeji, na mpwa wangu mrefu, na yule dada yake anayejifanya hasikii Kiswahili. Mwambie mjomba anasema wakati wa kula alikuwa anakisikia vizuri. Kaka anakusalimu, ingawa amenikataza kueleza kwamba siku ile ya chai aliula mkate wote peke yake.

Mama amesimama nyuma ya kiti changu na ameisoma yote. Hakuongeza kwa mkono wake, anasema macho yake yamestaafu kuandika, si kusoma. Amesema tu niandike hivi: “Mwambie kitanda chake tumekirudisha chumbani mwake. Mwambie mimi sikuhama. Basi na yeye asiwe amehama moja kwa moja.”

Mwenyezi Mungu akulinde katika kila uendako, na akufungulie njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye na asiyejua kurusha kokoto,

Nusu Inchi