Siku Ulipokigeuza Kitabu cha Mogaka

Mpendwa dada Nyaboke,

Ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na bado nikiingia darasani natega sikio nisikie sauti yako upande wa pili wa ukuta.

Unakumbuka mwongozo mpya wa kufundisha kusoma ulipotufikia hapa shuleni kwetu karibu na Birongo, kila mmoja wetu akiwa na mkondo wake wa darasa la kwanza? Kila somo lilikuwa limepangwa: mwalimu aseme hivi, watoto waitikie vile, kesho ukurasa unaofuata, hakuna kurudi nyuma. Mimi niliupenda, sikufichi. Sikuwa nimesomea ualimu, na mwongozo ulinipa la kusema kila asubuhi. Wewe ulinuna. Msimu wa pareto watoto wengi walikuwa mashambani wakichuma maua, na waliporudi ulirudi nao pale walipoachia.

Siku moja ukaja darasani kwangu. Mwanafunzi wangu Mogaka alikuwa akisoma kama maji. Ukachukua kitabu chake, ukakigeuza juu chini, ukamrudishia. Akaendelea bila kukosa neno! Ulicheka hadi ukajishika mbavu.

"Moraa, hawa wako wamekariri tu kama nyimbo za kanisani!"

Nilicheka pia, kisha nikaona haya.

Walimu wote tulikubaliana: mkaguzi akija kutaka maoni, wewe utasema, sisi tutakuunga mkono. Ukasimama. "Mheshimiwa, kitabu kinakwenda, mtoto anabaki." Akauliza nani mwingine anaona hivyo. Wenzetu wakainamia madaftari yao. Mimi niliyemwona Mogaka kwa macho yangu nikajifanya nakung'uta chaki kwenye sketi. Niliogopa kufutwa, mimi nisiye na cheti.

Muhula uliofuata walikuhamishia nyanda za chini, kwenye mbu, wewe uliyekulia kwenye baridi yetu. Ulipokuja likizo hukunilaumu. Uliuliza tu, "Mogaka anasoma sasa?" Nikakudanganya kwamba anasoma. Malaria ilikuchukua kabla ya likizo nyingine.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja, dada, na haonyeshi dalili ya kuondoka. Naumia.

Kwenye mazishi waliniomba niseme kwa niaba ya walimu. Nilisimama mbele ya umati, nikasema ulinena kweli, kwamba watoto wanaachwa. Sauti yangu ilifika hadi barabarani.

Leo asubuhi mkaguzi amekuja tena, akaniuliza naonaje. Nimemwambia mwongozo unatusaidia sana.

Lala salama, dada.

Mdogo wako,
Moraa