Kitoe Ncha

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Itangazwe kwa wakazi wote wa dunia, wa karibu na wa mbali: leo jioni jiwe langu la kunolea la umeme limezunguka, na mimi bado nina vidole vyote. Sherehe zitafuata sukari ikionekana dukani.

Nimelifunga kwenye ubao nyuma ya jikoni, waya nimeupitisha dirishani. Likianza kunguruma taa za nyumba zinafifia. Mke wangu, Mama Kulwa, anasema nyumba inasinzia. Mimi karani wa vifurushi stesheni, sina ufundi wowote. Jiwe nililinunua kwa seremala aliyehama, nikajiona nimenunua na ufundi wake.

Kazi ya kwanza: kisu cha kukunja cha baba mkwe. Gadi wa treni kakileta kutoka Urambo, kimeviringishwa kitambaani pamoja na kichupa cha asali. Mpini wa pembe, mweusi kwa jasho. Mzee anacho tangu sijamwoa binti yake. Ndicho anachotobolea magome ya mizinga ya nyuki. Bapa limelika, ncha imepinda kama mdomo wa kasuku. Ujumbe wa mama mkwe, kwa kinywa cha gadi: "Mwambie mkwe akitoe ncha." Basi.

Mama Kulwa kauliza, mama anataka ncha ya nini? Nikamwambia mti hutoa majani, kisu hutoa ncha. Na mtu wa mizinga bila ncha atatoboaje magome? Akanitazama kama anayechagua samaki. Ningeweza kutuma swali kwa gadi yule yule. Lakini mama mkwe haulizwi mara mbili. Na kusema kweli, nilitaka sana kuanza.

Jumatano, 7 Agosti

Gusa, inua, maji. Gusa, inua, maji. Ndiyo kazi yote. Ncha ni nyembamba, inashika moto kabla ya pengine. Ikigeuka buluu chuma kimekwisha, kinakuwa laini kama bati. Jasho kwenye miwani. Nimeupunguza kidogo mgongo wa bapa ili ushuke polepole ukutane na makali. Mara moja nimeona rangi ya majani makavu, ile inayotangulia buluu, nikachovya haraka mpaka maji yakalia. Bado chuma ni kizima. Mimi sijui kama ni mzima.

Ramadhani, jirani yangu, dereva wa treni na Mzaramo kamili, alikuja kuegemea ua. "Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, hawakuuliza za nini. Na wewe unanoa tu." Nikamwambia babu zake walikaa pwani wakingoja kubebewa. Akaomba asali. Nikamnyima. Mtani hapewi kitu, huchukua mwenyewe. Akachukua.

Alhamisi, 8 Agosti

Kimekwisha! Ncha imenyooka, kali kama sindano. Nimeijaribu kwenye gome la mti: imepita bila kusukumwa. Nimekipaka mafuta ya mashine kisishike kutu, nikampa gadi asubuhi. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi kwa mikono yangu. Nimelala mchana kama tajiri.

Jumamosi, 10 Agosti

Mama Kulwa karudi sokoni na uso wa mtu aliyefiwa. Kakutana na mwanamke wa kwao Urambo. Baba yake haoni. Si giza kabisa, ukungu. Anaficha. Mwezi uliopita alikuwa akitoboa gome, kisu kikapita kwenye gome na kwenye kiganja pia. Akasema ni mwiba. Mama mkwe akaona heri kisu kikatwe ncha huku mjini, kirudi butu mbele, mzee aambiwe imevunjika mashineni. Bila kumwaibisha. Ndiyo maana ujumbe ulikuwa mfupi.

Akitoe ncha. Aiondoe.

Nami nimemchongea sindano.

Nimekimbia stesheni siku ya mapumziko yangu. Nimepiga simu ya reli Urambo. Karani wa kule kasema kisu kilichukuliwa juzi. Na nani? Hakumbuki. Mzee au mama? Hakumbuki! Nikamkaripia, maskini, kana kwamba ndiye aliyenoa.

Treni ya kwenda huko ni kesho. Sijala. Mama Kulwa hanigombezi, na hilo ndilo baya zaidi. Nikifumba macho naona gome, naona kiganja. Naona jicho. Acha.

Ramadhani kaja kuuliza. Nimemweleza. Nilingoja kebehi. Kasema, "Nenda tu, Baba Kulwa." Mtani wangu akiacha utani, mambo ni mabaya.

Jumapili, 11 Agosti

Treni. Inasimama kila penye mti. Watu wanashuka na magunia, wanapanda na kuku. Nimebeba tupa na jiwe dogo la mkono mfukoni. Na hofu. Mbele yangu bwana mmoja anamenya chungwa kwa kisu. Nimehamia behewa jingine.

Jumatatu, 12 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa. Mjini nitasimulia vingine.

Nilifika jana jioni. Wakwe walihamishwa mwaka huu kutoka porini kuja kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari, zote sawa. Kule porini mzee alijua njia kwa miguu. Hapa anahesabu milango kwa fimbo. Nilimkuta barazani, kitambaa kiganjani. Nikatazama kitambaa kabla ya kusema shikamoo. Aibu. Ni cha kidonda cha zamani. Nikakaa chini kabla ya kukaribishwa.

Mama mkwe akasalimia kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, kama ilivyo kwetu. Kisu hakukitaja. Sikuuliza. Hata sasa!

Leo asubuhi mama mkwe kaenda shamba la kijiji. Alipokwisha kupita, mzee akasema, "Mkwe, nenda kwenye chungu cha unga, niletee kisu changu."

Nikajifanya sielewi.

"Tangu Alhamisi ugali unanuka mafuta ya mashine. Au ndiyo unga mpya wa serikali?"

Nikakileta. Nikakiweka juu ya kigoda, sikumpa mkononi. Alikikunjua, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye mgongo wa bapa. Akafika nchani. Akacheka.

"Wewe! Hiki ni cha kutolea funza."

Nikaanza kueleza, kutoa na kutoa, mti na majani. Akaninyamazisha kwa fimbo.

"Najua ujumbe aliompa gadi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango." Kisha, sauti ya chini: "Iondoe. Ila mama yako asijue kwamba najua. Mwambie umekosea kazi, umekuja kuirekebisha."

Hilo halikuwa gumu kusema. Ni kweli tupu.

Tukakaa nyuma ya nyumba. Nikaweka jiwe chini. Kazi yangu yote, gusa, inua, maji, nikaisugua irudi vumbi mpaka bapa likawa na pua ya mviringo kama ya kijiko. Sikuona uchungu. Mzee alishika kibuyu, kazi yake kumwagia jiwe maji. Aliitaka mwenyewe.

Akamwaga. Maji yakaanguka pembeni, mchangani. Hakujua.

Nikalisogeza jiwe pale maji yalipokuwa yakianguka, nikaendelea.