Moshi Mweupe Upande wa Kaskazini

Kindu, mwisho wa Novemba 1974

Yaya Albertine mpenzi,

Pokea salamu zangu, dada yangu, wewe na shemeji na watoto wote. Kifua cha mama kimetulia tangu mvua za Lubumbashi zianze? Mwambie ile dawa aimalize, asiwagawie majirani. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, na kazi yangu ya karani hapa ofisi ya reli naifanya. Mengine nitakueleza polepole. Ukimaliza kusoma, tia karatasi hii motoni.

Utakumbuka darubini ya baba, ile ya macho mawili aliyoachiwa na dereva wa treni kule Kamina. Nilikuja nayo huku. Shuleni padri wetu wa fizikia alitufundisha kwamba upande wa kaskazini, miezi hii ya mwisho wa mwaka, kuna kitu kama alama ya kidole kwenye kioo. Kumbe ni nyota zisizohesabika, zinazozunguka kwa mikono iliyojipinda kama maji yanayoshuka kwenye tundu. Ni galaksi, ndugu ya hii yetu, na mwanga wake husafiri zaidi ya miaka milioni mbili kabla ya kutufikia. Darubini ya baba haionyeshi hiyo mikono. Inaonyesha moshi mweupe tu. Lakini nikiuona moshi huo, woga wangu wa mchana hupungua.

Nilimwonyesha rafiki yangu Donatien. Tunakaa ua mmoja, na ofisini meza zetu zinatazamana. Mbele ya watu anaitwa Mukendi, kwa kuwa majina ya ubatizo yamekatazwa. Ni mtu wa kucheka. Aliniuliza kama huko juu nako watu wanaamshwa Jumamosi kwenda salongo, kufyeka majani ya barabara bila malipo.

Hatukufikiri kaskazini ya ua wetu kuna nini. Kuna nyumba ya ghorofa ya mkubwa mmoja wa serikali, na moshi wetu ulisimama juu ya paa lake. Anayetuona kutoka barabarani angeapa kwamba tunachungulia madirisha. Jioni moja niliingia ndani kuchukua kiti. Nilipotoka, vijana wa chama walikuwa wamemkamata Donatien, darubini ingali shingoni mwake, wakisema anapeleleza. Nilisimama mlangoni na kiti changu. Wakaenda kumfungia katika kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi ya chama.

Kesho yake nilijikaza, nikamwendea mwenyekiti wa chama wa mtaa, Mwananchi Kankolongo. Nilimweleza kwamba darubini ni yangu na tulichotazama kiko mbinguni. Alicheka mpaka akajifuta macho, akauliza tangu lini reli ya Kindu imefika mbinguni hata ihitaji karani huko. Kisha akaacha kucheka. Akasema nitamwonyesha kitu hicho, akione kwa macho yake. Kikiwepo, Donatien atatoka. Kisipokuwepo, nitalala naye mkeka mmoja kule kasho.

Na mvua, yaya! Kila jioni mawingu yalipanda kutoka mto Lualaba yakafunika kila kitu. Hélène, mke wa Donatien, alipeleka chakula na sahani ikarudi imejaa. Aliacha kuniuliza habari za mumewe. Akawa ananiuliza tu kama mbingu itafunguka.

Ilifunguka. Mwenyekiti akaja na vijana wake na darubini yangu, koti lake la abakosti limefungwa vifungo mpaka shingoni, akakalia kiti changu. Nilimwelekeza: nyota nne zilizokaa kama dirisha, kisha nyota mbili kulia, kisha ushuke kidogo. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, “Njo hii tu? Iko kama moshi ya sigara!” Akauliza kama watu wa kule wanatuona. Nilimjibu kwamba wakitazama sasa hivi, wanaiona dunia kabla ya Zaire, kabla ya chama, kabla ya mtu yeyote. Nilijuta papo hapo. Vijana walimtazama ili wajue wacheke au wanikamate. Yeye akasema polepole, “Basi hawatujui.” Asubuhi Donatien akatoka.

Ningependa kumalizia hapa. Lakini jioni ile ya kutazama, kabla ya kuondoka, Kankolongo alinishika bega langoni, kama baba. Alisema mtu anayeona kitu kidogo hivyo, mbali hivyo, ni hasara kumwacha atazame juu tu. Kila Jumamosi baada ya salongo niende kumwambia yanayosemwa ofisini, na nani anacheka nini. Nianze na rafiki yangu, kwa kuwa ni yeye Kankolongo anayenirudishia.

Yaya, nilikubali. Sikuomba hata kufikiri. Donatien ananiita mwokozi wake, na mezani ananiambia mambo ambayo mtu hapaswi kuniambia tena. Jumamosi ya kwanza nilisema sikusikia kitu. Kankolongo akanishauri nisafishe masikio kabla ya ya pili.

Mtu aliyekukabidhi barua hii, aliyesimama mlangoni pako sasa, ndiye Donatien, na aliye nyuma yake ni Hélène. Nimewaambia tu kwamba hapa pamekuwa pabaya, nikawatafutia nafasi kwenye treni ya mizigo. Wape pa kulala. Kama utamwambia Donatien nilichokubali, shauri lako, mimi nimeshindwa.

Usiniandikie kwamba wamefika. Nikijua, nitaulizwa, na Kankolongo akiniuliza, mimi husema. Niandikie tu kwamba umeuona moshi mweupe upande wa kaskazini. Hata mvua ikinyesha kwenu mwezi mzima, andika umeuona. Na habari za nyumbani, nani amekuja, nani amesema nini, usinieleze tena. Niandikie kama unavyomwandikia mtu usiyemjua vizuri.

Mshike mama mkono kwa niaba yangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu akae nanyi, na huku asitusahau.

Mdogo wako,
Kalala, ambaye mama bado anamwita Bruno